Baridi ya L'shi (Lubumbashi): namna ya kuifurahia mwezi wa sita na wa saba

Mulamu wangu wa Kinshasa anakuja kwetu mwezi wa saba, mara ya kwanza ya maisha yake, akanipigia simu kuniuliza kama ile baridi ya Lubumbashi yenye batu banasemaka iko ya kweli ao ni majivuno yetu tu batu ya Katanga. Nikamujibu, mulamu, beba koti. Akacheka. Akasema Congo na koti wapi na wapi. Basi nimeamua kuandika yote hapa, asome yeye na bengine benye banakuja ku ndoa za mwezi wa saba na wa nane, juu kila mwaka tunaona bageni banashuka ndege mangaribi na shemizi ya mukono mufupi, kisha dakika kumi mikono imekunjwa pa kifua sawa kuku ya kunyeshewa.

Kwanza ujue inatoka wapi. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 toka usawa wa bahari, na mu kipwa, ile miezi ya kukauka kuanzia wa tano mpaka wa tisa, mbingu inakuwa wazi usiku muzima, hakuna wingu ya kufunika, joto yote yenye udongo ilikula muchana inapanda juu inaenda zake. Usiku ya mwezi wa saba unaweza kukuta degre 7 ao 8, siku ingine chini ya hapo, na mara mojamoja mu mabonde kando ya mito majani inaamka na weupe-weupe juu. Halafu ile ile siku, muchana, jua inapiga degre 25. Mulamu, soma tena: 7 na 25, siku moya. Kinshasa ikishuka 20 munavaa jaketi na munapiga foto, hapa 20 ni saa ine ya asubui na batu beko banavua.

Kwa hiyo kitu ya kwanza ya kuelewa, na njo kosa ya bageni bote, baridi yetu haiko ya kukimbia na haiko ya kulala nayo mu blangeti mpaka iishe. Ni ya kufuata na saa. Asubui uko mu majira ingine, muchana ingine, mangaribi ingine tena, na kila moya iko na utamu yake, mwenye anavaa sawasawa kuanzia asubui mpaka usiku anateseka mara mbili.

Tuanze na jua, juu jua njo hita yetu ya bule. Kuota jua hapa ni kazi ya batu bazima, usione mutu amekaa pa kiti mbele ya ukuta saa tatu ya asubui ukafikiri hana kazi. Lakini kuna namna. Mwezi wa sita na wa saba jua haipiti juu ya kichwa, inainama upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta ya nyumba yenye inaangalia kaskazini inapata jua siku nzima, na ule wa kusini unabaki kivuli kuanzia asubui mpaka usiku, baridi sawa frigo. Babu yangu hakusoma mambo ya nyota lakini alijua ile vizuri sana: mu kipwa kiti yake ilikuwa nyuma ya nyumba, na mwezi wa kumi na mbili alikuwa anaipeleka mbele, juu jua imegeuka. Tulifikiri ni tabia ya uzee tu. Kama munakodi chumba ao munajenga, uliza dirisha inaangalia wapi, mi nililala miaka mbili mu chumba ya kusini, nikajua maana ya kuamka na pua ya mbwa.

Jua inatoka karibu saa kumi na mbili na nusu, na inazama saa kumi na mbili ya mangaribi hivi. Usijaribu mambo mingi mbele ya saa mbili. Ukuta ya matofali ya kuchoma inachukua muda mpaka ipate moto, lakini ikishapata inakuwekea mpaka saa moya ya usiku, weka mugongo pale saa kumi na moya wakati jua inaanza kulegea, utaniambia. (Matofali yenyewe tunafyatuaka mu kipwa, mingi na udongo ya bichuguu, na usiku tanuru ikiwashwa mu kartiye bavijana banajikusanya kando yake kuongea mpaka saa tano. Kama jirani anachoma matofali, uko na bahati, beba karanga uende.)

Nguo. Usinunue bintu ya beyi mu magazini, uende ku balo (mitumba). Lakini uende mapema, mwezi wa ine ao wa tano mwanzoni, wakati batu bangali banavaa nguo za mvua na hakuna mwenye anawaza pulovere. Mwezi wa sita ukifika bamama bauzaji beko na macho, banakuona unatetemeka, beyi inatetemeka pamoja na weye lakini kwenda juu. Marshe Kenya (ile ya hapa L'shi) ao Njanja, asubui ya kufungua balo, fika mbele. Usitafute kitu kimoya kizito, tafuta tatu nyepesi: trikoti ya kukaa ku mwili, pulovere juu, jaketi ya kukata upepo mwishoni, juu kuanzia saa ine utaanza kuvua moya moya na saa nane utabaki na ile ya kwanza. Mi nilifanya mujinga, nilinunua koti ya batu ya theluji, inafika mu magoti, nzito sawa mufuko ya unga. Asubui saa kumi na moja na nusu juu ya taksi moto (pikipiki) nilikuwa mufalme. Saa sita muchana niliitembeza mu mukono town nzima sawa mutoto ya kulala. Iko na tundu moya ya moto ku mukono wa kuume, nitaelezea.

Kisha bintu ya kidogo yenye batu banasahau: shoseti mbili kwa usiku, bone, ile kofia ya baridi (hata bababa, achana na mutindo), na kitenge moya ya kujifunika mabega kama umekaa inje. Pulovere ya balo uifue na maji ya moto na uianike ku jua siku nzima mbele ya kuvaa, hapo sina ya kuongeza.

Sasa mbabula, ile jiko ya makala (makaa), njo moyo ya mambo yote. Batu ya inje banafikiri mbabula ni ya kupika tu. Hapana. Mu kipwa mbabula ni televizyo, ni baraza, ni hakimu ya bugomvi ya nyumba. Ugomvi ikianza mangaribi, inaishia hapo, juu hakuna mwenye anataka kununa mbali na moto.

Anza na makala. Nunua ya miti ngumu ya miombo, ile yenye ukigonga kipande mbili inalia sawa chuma. Ya miti laini inawaka haraka, inatoa cheche na inakufa mbele bukari (ugali) iive. Kwa mufuko, usidanganyike na bipande kubwa ya juu, uingize mukono ao uuangushe kidogo kando, sikia kama chini ni vumbi. Muuzaji atakasirika, mwache akasirike.

Kuwasha: inje, kila mara inje. Weka makala ya kidogo-kidogo chini, juu yake bijiti ya kukauka na magunzi ya mahindi (magunzi haipotee kamwe kwetu, toka mavuno mama anaweka mu mufuko), washa, kisha ongeza makala kubwa polepole juu, usijaze. Geuza upande wenye matundu mingi ku upepo. Batu bengine banawasha na sashe ya plastiki juu ni haraka, lakini ile moshi inanuka na inakata koo, na nyama yako itakuwa na ladha ya sashe. Chukua kipande ya karto, pepea chini-chini, ku matundu, usipepee juu, juu utajaza majivu mu nywele. Dakika kumi na tano, ishirini. Uko tayari wakati moshi imeisha kabisa na makala imekuwa nyekundu ndani na inavaa kanzu ya majivu meupe inje. Hapo njo unaibeba pa baraza, unaweka viti kuzunguka, wazee upande wenye upepo haiko, batoto mbele. Na mikono ya koti ndefu, uikunje. Tundu yangu ilitoka hapo, nilinyoosha mukono kuchukua karanga.

Sasa sikiliza muzuri, hapa sicheki. MBABULA HAILALI NDANI YA CHUMBA. Hata kama makala inaonekana karibu kufa, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo, hata "dakika tano tu mpaka blangeti ipate moto". Makala ikiwaka inatoa hewa ya sumu, haina rangi, haina harufu, inaingia mu damu na kuchukua nafasi ya hewa ya muzuri, mutu analala usingizi tamu na haamuki. Kila kipwa tunasikia familia moya imepatikana asubui. Mi na mudogo wangu tulikuwa karibu kuwa moya ya zile familia. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, baridi ilikuwa kali sana, tukaingiza mbabula kwa siri kisha mama amelala na tukaweka kitambaa chini ya mulango juu upepo isipite, akili ya batoto. Nakumbuka tu kichwa ikaanza kuuma, nikataka kuamka na miguu ikakataa. Mudogo akatapika, na ile kutapika njo ilituokoa, mama akasikia, akafungua, akatuburuta inje pa udongo ya baridi tukiwa na kaputula. Kwa hiyo dalili uzijue: kichwa, kichefuchefu, miguu ya maji, usingizi ya ghafla. Ukiona hata moya, toka inje ku hewa, toa bengine, na uende ku hospitali hata kama unajisikia afadhali. Chumba unaipasha namna ingine: funga madirisha saa kumi mbele jua izame, uweke maji ya moto mu bido ya kufunga vizuri, zungusha na kitambaa, uingize mu blangeti upande wa miguu. Inashika mpaka usiku katikati.

Kuoga. Bon, tuambiane ukweli, mwezi wa saba batu mingi beko bananawa sura na miguu basi, tunaita kuoga ya paka. Lakini kuna njia ya kistaarabu: kisha kupika usizime makala, weka sufuria kubwa ya maji juu, moto yenye imebaki inatosha. Na siku ya yenga (dimanshe) oga saa saba muchana, jua iko kali, unatoka mu bafu unaenda moya kwa moya ku ukuta ya kaskazini. Kisha paka glycerine ao vaseline wakati mwili ingali na maji-maji, juu hewa ya kipwa inakausha sana, midomo inapasuka, visigino inakuwa sawa udongo ya kipwa yenyewe. Na unywe maji hata kama hausikii kiu. Kama uko na asma, beba dawa yako kila mahali, asubui ya baridi moshi ya mbabula zote za muji haipandi juu, inalala chini sawa blangeti ya majivu, na vumbi nyekundu inaongeza yake.

Tuingie ku kula, hapa nitakawia.

Bilazi tamu. Mu kipwa zinavunwa, ziko mingi na beyi ni ya chini. Usichemushe, zika. Wakati mbabula inaisha, chukua bilazi ya kadiri (kubwa inabaki mbichi katikati), usimenye, usioshe sana, chimba mu majivu ya moto, funika, sahau. Dakika arobaini hivi, hadisi mbili za babu. Unaitoa, ngozi imekuwa nyeusi na imekunjana, mu mahali moya sukari imetoka nje ikawa sawa gundi ya kahawia, hapo njo unaanza kuuma. Na chai ya tangausi ya kukwaruza koo. Hautauliza tena hoteli iko wapi.

Mahindi ya kuchoma usitafute, yake imepita na mvua, na bowa (uyoga) pia, mwenye anakuuzia bowa fresh mwezi wa saba umuulize maswali. Lakini vikanda (ile ya kupika na karanga na mizizi ya pori) iko, karanga mupya iko, machungwa na mandarini iko na zinakuwa tamu juu ya baridi, kila kona mama moya na beseni. Kula zile ku jua, mukono inanuka mpaka usiku.

Munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi. Batu banafikiri ni ya joto, mi naipenda mu kipwa. Unanunua mizizi ya munkoyo ku soko, fungu moya, unaitwanga mpaka inafunguka sawa nyuzi ya kamba. Unapika buji ya unga ya mahindi, nzito, unaiacha ipoe mpaka iwe vuguvugu, kisha unatumbukiza ile mizizi na kukoroga. Angalia sasa: buji yenye ilikuwa inashika mwiko inaanza kulegea mbele ya macho yako, dakika kwa dakika, mpaka inatiririka, na ukionja imekuwa tamu na haukuweka hata kijiko ya sukari. Mizizi njo imefanya ile kazi, ikakata unga ikawa sukari. Unachuja, unafunika, unaacha ichachuke. Mu joto siku moya inatosha, lakini mu baridi inavivia, inataka mbili, na hapo mama yangu anazungusha bido na blangeti ya zamani na kuiweka kando ya ukuta ya jikoni, sawa mugonjwa. Mugeni anaweza kukosa blangeti, munkoyo hapana.

Na usiku, michopo. Nyama ya mbuzi, chumvi, pilipili, kitunguu ya kukatakata, karatasi, basi. Ukule umesimama karibu ya moto ya muuzaji, kwanza juu ya joto, pili juu ukibeba ku nyumba mafuta itaganda mbele ufike. Simba (bia yetu) ya baridi usiombe, omba ya "tempere", yenye haikuingia mu frigo, watakuelewa. Kama Mazembe, timu yetu ya mupira, inacheza mangaribi kule Kamalondo, kula kwanza, kisha uende na ile jaketi ya tatu, kiti ya uwanja inaingia mu mifupa.

Kama uko na siku mbili tatu, toka mu muji, juu kipwa njo wakati barabara ya udongo inapitika. Karibu ni Kipopo, ziwa ya kidogo, unabeba mbabula mu buti ya gari na unarudi mangaribi. Mbali ni Kundelungu, uwanda ya juu kabisa, na maporomoko ya Lofoi yenye inaanguka zaidi ya mita 300 bila kugusa kitu, lakini uende mwezi wa tano ao wa sita, maji ingali mingi, ukichelewa inabaki uzi. Na gari ya kupanda, na blangeti mbili kwa mutu, kule juu usiku haina huruma. Lakini ukilala inje ya kijiji, bila taa, angalia mbingu mara moya: nyota ile hautaiona mu mvua hata siku moya, nyota za nge na mukia yake yote ya kukunjama inapita juu ya kichwa, na ile njia nyeupe inakata toka upande huu mpaka ule. Mi nilikaa Kinshasa miaka tatu, na kitu nilikosa haikuwa bukari, bukari ilikuwa. Nilikosa ile mbingu, na harufu ya makala ya saa kumi na mbili asubui, na batoto ya masomo banatembea na kutoa moshi mu kinywa banajifanya banavuta sigara.

Mwisho, usirudishe koti haraka. Mwezi wa nane katikati kuna siku tatu ya joto, batu banafua mablangeti banaweka juu ya kabati, na siku ya ine upepo inarudi na kila mutu anakohoa. Mama yangu hafuatake kalenda, anafuataka miti ya miombo: ikiota majani mupya nyekundu, sawa moto, mbele hata tone ya mvua, hapo njo anaruhusu blangeti zipande juu. Mbele ya hapo ukigusa yake utasikia.

Mulamu, ndege yako inafika Luano mangaribi. Kama ulisoma yote na bado unakuja na mukono mufupi, nitakungojea pale inje na ile koti ya theluji, ile ya tundu, uivae mbele ya batu bote.